Kichanga Husikia Maumivu, Tena Sana

Siku ya chanjo hapa Lamu, kwenye foleni ya kliniki, hukosi kumsikia bibi akimtuliza mkaza mwanawe: "Mwache alie, mwanangu. Kichanga hajui uchungu, kesho kasahau."

Bibi asilaumiwe. Madaktari wenyewe waliamini hivyo. Hadi miaka ya 1980, watoto njiti wengi Marekani na Uingereza walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli, na ya maumivu kidogo mno au hata hapana. Walitulia kwa sababu hawakuweza kujitikisa! Mwaka 1987, daktari K. J. S. Anand na wenzake walionyesha kwamba njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya maumivu, walipata mshtuko mdogo wa mwili na matatizo machache baada ya upasuaji kuliko wasiopewa.

Na hilo la "kesho kasahau"? Utafiti wa Canada wa 1997 uliwaona wavulana waliotahiriwa wachanga bila ganzi wakiumia zaidi kwenye chanjo ya miezi minne au sita kuliko wasiotahiriwa. Kwetu sisi tunaotahiri wavulana, hilo si la kupuuza.

Dawa ya maumivu ya sindano ya chanjo, mama, unayo kifuani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 mtoto anyonyeshwe wakati wa kuchomwa au punde kabla. Mpakate, mpe titi, akishashika vizuri ndipo achomwe, na aendelee kunyonya. Zikiwa sindano mbili, inayouma zaidi iwe ya mwisho. Nesi akikwambia umtoe titi kwanza, mwombe kwa adabu akuache.