Kwa nini darasa la awali ni bure, lakini mtoto wa miaka miwili analipiwa?

Mama mwanika dagaa wa Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika huko Kigoma, mwenye mtoto wa miaka mitano na mwingine wa miaka miwili, anaishi chini ya sera mbili ndani ya nyumba moja. Mkubwa anapokelewa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali bila ada. Mdogo akipelekwa kituo cha kulelea watoto mchana, deikea kama wengi wanavyoita, mama anatoa hela mfukoni. Na huyo mdogo ndiye asiyeweza hata kujifuta pua.

Sababu ya kwanza ni kwamba watoto hawa wawili wako mikononi mwa wizara tofauti. Awali ni elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliuingiza mwaka mmoja wa awali katika elimu ya lazima, kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 5, na elimu bila ada ikaanza kutekelezwa Januari 2016. Darasa ni la shule na mwalimu yuko kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Kituo cha mchana kimewekwa upande wa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakitaka kisajiliwe na kifuate viwango. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mtu wa kuonana naye. Mshahara wa mlezi, uji na kodi ya nyumba ni juu ya mwenye kituo, naye anavihamishia kwa mzazi.

Sababu ya pili ni hesabu, na hii ndiyo ngumu zaidi. Kiwango cha awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, ingawa madarasa mengi yamefurika kupita hapo. Watoto wachanga hawalelewi hivyo. Tuseme mlezi mmoja anabeba watano na analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi, mshahara ambao hakuna atakayeuita mnono. Kila mtoto tayari anadaiwa 30,000, kabla ya uji, maji, sabuni na pango. Ukitaka kupunguza ada, unamwongezea mlezi watoto au unampunja malipo. Njia zote mbili zinamwumiza mtoto. Ndiyo maana malezi ya bei nafuu na yenye ubora ni nadra bila mtu wa tatu kuchangia, awe serikali, halmashauri au mwajiri.

Halafu kuna saa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa hazivuti samaki vizuri. Mitumbwi hurudi alfajiri, wanawake wananunua, wanaanika, wanageuza, wanakimbizana na mvua. Darasa la awali halijafunguliwa wakati huo, na watoto huruhusiwa jua bado halijakausha mzigo. Kwa hiyo hata mtoto wa miaka mitano, mwenye nafasi ya bure, bado anahitaji mtu wa kumwangalia. Mara nyingi mtu huyo ni bibi, jirani au dada yake, ambaye naye alipaswa kuwa shuleni. Na kipato cha mwalo kinapanda na kushuka na mbalamwezi, wakati ada ya kituo inasubiri tarehe ileile. Binafsi naona kituo cha pale kingefaa kupokea malipo ya siku kwa siku.

Je, serikali hailioni pengo hili? Inaliona. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, PJT-MMMAM, ya 2021/22 hadi 2025/26, inayomhusu mtoto tangu tumboni mpaka miaka 8. Inaunganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kumjibu mtoto kadiri ya mahitaji yake), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama, ili wizara zisimgawane mtoto vipande. Lakini mpango wa kuratibu si bajeti ya kumlipa mlezi.

Mwajiriwa ana nafuu kidogo: sheria ya kazi inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Mwanika dagaa hana mwajiri wa kumdai.

Kwake mlango ulio karibu ni halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Kikundi kinachokopa kwa ajili ya mawese au dagaa kinaweza pia kuandika andiko la mradi wa kituo cha kulelea watoto. Kianze na ofisi ya ustawi wa jamii kuuliza masharti ya usajili, maana mkopo ukishatoka marejesho hayasubiri leseni.