Vitunguu vya maua: mnayoambiwa na mambo yalivyo

Ikifika Januari simu yangu haitulii. Watu wamerudi kutoka kwa ndugu zao Uholanzi na Uingereza, na kwenye begi wamekuja na pakiti ya vitunguu yenye picha ya mpira mkubwa wa zambarau juu ya shina refu. "Shikamoo bibi shamba, nivipande wapi?" Wale wa mwaka uliopita nao wanapiga: "Mbona vyangu havikuchanua, niongeze samadi?" Nimejibu hadi nimechoka. Leo naandika, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

"Kitunguu ni kitunguu. Kama Mang'ola vinastawi, na hivi vitachanua"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana inawamalizia watu hela na wanaishia kudhani wana mkono mbaya.

Kuota, vitaota. Kuchanua ndiyo shughuli. Jamii ya Allium, yaani ya vitunguu vya jikoni na vya maua, ina aina zaidi ya 800, na karibu zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Zile za mipira mikubwa, Allium giganteum na cristophii, pamoja na machotara kama 'Globemaster' ambalo ua lake hufikia upana wa sentimita 20, asili yake ni Iran, Uturuki, Afghanistan na nchi za Asia ya Kati. Huko kuna miezi ya theluji, kisha majira mafupi ya joto la wastani yenye unyevu, kisha kiangazi kikali ambacho mmea unakipitisha umelala chini ya ardhi. Bustani za Ulaya zinaendana na ratiba hiyo: wanapanda kuanzia Septemba hadi Novemba, baridi inapita juu ya udongo, na Mei hadi Juni mipira inasimama.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji wa pakiti hawaandiki. Kwenye aina nyingi za hizi kubwa, ua huanza kuumbika ndani ya kitunguu kikiwa bado kimelala, kabla hata hujakipanda. Kinachosubiriwa ni baridi ndefu, wiki 12 au zaidi chini ya nyuzi 10 hivi, ndipo shina lipate ruhusa ya kurefuka. Baridi isipokuja, ua linakwama lilipo. Nimekagua bustani nyingi Dar na hapa Arusha, na picha ni ileile: majani mapana yametoka, yamelala chini, ncha zimegeuka njano. Nikiyatenga kwa vidole pale katikati nakuta kichomozo kifupi, urefu wa ukucha tu, kimefungwa ndani ya ngozi nyembamba, kimekauka. Hilo ndilo ua lako, mama. Ulilinunua likiwa ndani, likafia humohumo.

Kwa hiyo samadi inakuja kufanya nini hapo? Haina baridi ndani yake. Wala urea, ambayo itakupa majani laini zaidi, wala maji ya kila jioni, ambayo yatakiozesha kitunguu kuanzia kwenye kitako.

Kuna wanaonijibu kwamba Arusha mwezi wa Julai kuna baridi, wanalalia mablanketi mawili. Ni kweli, na mimi nalalia. Lakini saa tano asubuhi jua likishatoka unavua sweta, na udongo nao unavua. Mmea unataka baridi inayokaa, usiku na mchana, kwa miezi. Mtu wa Makete, karibu na Kitulo ambako umande huganda Juni na Julai, ana nafasi kubwa kidogo kuliko sisi, nami sitamkataza kujaribu na vitunguu viwili vitatu. Mtu wa Mbezi Beach asinipigie kabisa.

Na Mang'ola mnaitaja vibaya. Kitunguu cha kule ni aina nyingine, na mbegu zinazolimwa huku, kama Red Creole na Bombay Red, zilichaguliwa kwa sababu zinajaza kitunguu kwenye siku zetu za saa 12. Tena mkulima wa vitunguu hataki ua. Akiona mashina ya maua yanachomoza shambani ananuna, kwa sababu kitunguu kikishatoa ua hakina soko wala hakihifadhiki. Ninyi mnataka kilekile yeye anachokikimbia.

Aliyekwisha kununua na hataki kutupa, iko njia ya friji. Panda kitunguu kwenye kopo lenye udongo unaopitisha maji, ulioloa kidogo tu, uweke sehemu ya chini ya friji kwenye nyuzi 4 au 5 kwa wiki 12 hadi 16. Usikiweke pamoja na matunda: tufaha na ndizi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huliharibu ua changa humo ndani. Ukikitoa, kiweke kwanza kivulini mahali penye ubaridi, ndipo ukizoeshe jua. Ukifanikiwa utapata ua la wiki mbili tatu, na mwaka unaofuata unaanza upya, kwa sababu kitunguu kilichochanua kwenye joto letu mara nyingi hakirudishi nguvu ya kutosha. Nafasi ya friji miezi mitatu kwa ua moja! Familia yako ikikubali, hongera.

"Ni maua tu, hayahitaji kibali"

Yanahitaji. Kitunguu cha kupanda ni mmea hai unaoweza kubeba magonjwa, na kukiingiza nchini kunataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka kule kilikotoka. Hapa kwetu Tanzania wanaosimamia ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, Kenya ni KEPHIS, shirika lao la ukaguzi wa afya ya mimea. Watu wananicheka nikisema hivi, wanaona ni urasimu. Basi wajue kuna ukungu wa uozo mweupe unaoshambulia jamii yote ya vitunguu na vitunguu saumu, na vijipunje vyake vinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 20 vikisubiri. Shamba likishaupata, hakuna dawa ya kuusafisha udongo huo. Uupande kwenye bustani yako, maji ya mvua yauteremshe hadi shamba la jirani anayesomesha watoto kwa vitunguu, halafu useme ni maua tu.

"Ukizungushia nyumba, nyoka hawaingii"

Hapa wanazungumzia Tulbaghia, ile yenye vijiua vya zambarau na harufu ya kitunguu saumu. Si kitunguu kamili, ni ndugu yake kutoka Afrika Kusini, na imani ya nyoka imetoka nayo hukohuko kwa Wazulu. Mimi naiuza sana na naipenda: haihitaji baridi ya kuiamsha, inavumilia ukame, inachanua karibu mwaka mzima. Lakini nyoka anafuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Ukiwa na rundo la matofali nyuma ya banda la kuku na pumba zimemwagika, panya watakuja, na koboko atapita juu ya Tulbaghia zako kuwafuata. Fyeka nyasi, ondoa rundo, ziba matundu. Kisha panda maua kwa uzuri wake.

"Kikifanana na kitunguu, kinalika"

Hapana, na hapa sitanii. Mvua za kwanza zikinyesha, chini ya miti huchomoza mpira mwekundu wenye vijiua hadi 200: Scadoxus multiflorus, wa hapahapa Afrika. Wengi huuita kitunguu pori. Una sumu, sehemu mbalimbali za bara hili umetumika kwenye mishale na kulevya samaki. Kitunguu cha kweli ukikiponda jani kinanuka kitunguu, huu haunuki hivyo. Usipopata harufu hiyo, usionje. Hata ukiipata, usile kitu ulichonunua kama ua, kwa sababu huwezi kujua kilipuliziwa dawa gani.

Lakini kwa bustani, huo mpira mwekundu ndio ninaowapigia debe kila mtu anayekuja na pakiti ya Uholanzi. Unataka duara kubwa juu ya shina? Hili hapa, upana wake hufika sentimita 25, linalala kiangazi bila kukusumbua na linaamshwa na mvua, si theluji. Nunua kwenye kitalu, usiende kufukua msituni. Lipe kivuli chepesi, usilimwagilie likiwa limelala, na usilihamishehamishe, linachukia kufukuliwa. Anayetaka rangi ya bluu apande agapanthus, imejaa Nairobi na Arusha na haigombi na hali ya hewa yetu.

"Maua yakiisha, kata majani bustani iwe safi"

Acha majani yakauke yenyewe. Ndiyo yanayokijaza kitunguu chakula cha msimu ujao. Kama yanakuchukiza macho, panda kitu kifupi mbele yake.

"Mbwa hali kitunguu, harufu itamfukuza"

Mbwa anakula hadi sabuni. Vitunguu vya jamii ya Allium, vya maua na vya jikoni, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na ng'ombe pia. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: mnyama anachoka, fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa kahawia. Ukikuta kitunguu kimefukuliwa na kutafunwa usisubiri hayo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na chukua kipande kilichobaki akione.