Oili ya shokapu za mbele kwenye pikipiki ya safari: dhana potofu na ukweli

Pikipiki ya safari ndefu ikishikwa breki, uzito wa mwendeshaji, abiria, mizigo na tangi lililojaa huhamia mbele. Hapo kazi yote iko kwa springi mbili na oili ambayo mara nyingi ni nusu lita tu kila upande. Bado oili hiyo huchaguliwa kwa kubahatisha.

Dhana: 10W (namba ya uzito wa oili iliyoandikwa kwenye chupa) ni 10W, chupa yoyote inafaa.

Namba hiyo haiwabani watengenezaji wa oili ya shokapu kwa kipimo kimoja. Ya huyu inaweza kuwa na mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa sentistoki 33 (kipimo cha mnato) kwenye nyuzi joto 40 za Selsiasi, ya yule ikakaribia 47, na zote zimeandikwa 10W. Ukibadili aina, soma karatasi ya maelezo ya oili, utafute mnato kwa sentistoki kwenye nyuzi 40, ulinganishe huo. W iache.

Dhana: oili ya injini ya 10W-40 ni ileile, tena ni rahisi kuipata.

W ya oili ya injini hupimwa kwenye baridi kali. Kwenye nyuzi 40 oili hiyo huwa na sentistoki 90 au zaidi, yaani mara mbili hadi tatu ya oili ya shokapu yenye jina linalofanana. Tena haikutengenezwa kwa kazi ya kusukumwa mbele na nyuma kwenye matundu madogo bila kutoa povu. Oili ya gia za otomatiki ni suala jingine: vitabu vya baadhi ya pikipiki za zamani viliitaja kabisa. Kama chako kinaitaja, itumie. Kama hakiitaji, achana nayo.

Dhana: ukibeba abiria na mizigo, weka oili nzito ili mbele isizame.

Hili ndilo kosa linaloharibu safari nyingi. Uzito hubebwa na springi. Oili huamua kasi tu: springi ishuke upesi kiasi gani, irudi upesi kiasi gani. Ukiweka oili nzito, pikipiki iliyosimama itakaa palepale ilipokuwa. Ikianza kwenda kwenye barabara ya matuta ya karibukaribu, shokapu hushindwa kurudi juu kabla ya tuta linalofuata. Hushuka kidogo, tena kidogo, mpaka hakuna nafasi iliyobaki, na kila pigo linaishia kwenye viganja. Kwenye shokapu zenye katriji (kifaa kilichofungwa ndani chenye vali zinazoongoza oili) hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa vali zake zimepangwa kwa oili nyepesi.

Pima kwanza. Funga kibana chembamba cha plastiki kwenye bomba linaloteleza. Linganisha urefu wa shokapu gurudumu likiwa hewani na urefu wake pikipiki ikiwa imesimama na mzigo wote na watu wake. Ikishuka zaidi ya theluthi moja ya umbali wote inaoweza kushuka, rekebisha mkazo wa springi au weka springi ngumu zaidi. Kibana kikifika mwisho kila unaposhika breki, jibu ni hilohilo. Na usisahau nyuma, kwani abiria na masanduku hukaa huko.

Wenye BMW za mfumo wa Telelever wajue kwamba mabomba ya mbele yana oili ya kulainisha tu. Shokapu halisi imesimama peke yake katikati. Kubadili mnato kwenye mabomba hayo hakutabadili mwendo.

Dhana: mimina mililita za kwenye kitabu, kazi imekwisha.

Kitabu mara nyingi kina kiasi cha shokapu iliyofunguliwa na kukaushwa kabisa. Ukimwaga kwa boliti ya chini tu, oili kadhaa hubaki ndani, na ukiongeza kiasi kizima utajaza kupita kiasi. Pia kuna pikipiki ambazo upande wa kushoto na wa kulia haubebi kiasi sawa.

Kinachotegemewa ni kina. Mimina, sukuma bomba taratibu juu na chini mara kumi au zaidi mpaka ukinzani uwe sawasawa, uache dakika kumi mapovu yapande. Kisha, springi ikiwa nje na shokapu imebanwa hadi mwisho, pima kutoka ukingo wa juu wa bomba hadi usoni mwa oili. Hewa iliyo juu hapo ni springi ya pili. Kwenye bomba la milimita 37 kwa ndani, milimita 10 za kina ni mililita 11 hivi, na tofauti hiyo huhisika shokapu inapokaribia mwisho. Ukijaza mno, hewa hubanwa mpaka sili (pete za mpira zinazozuia oili isitoke) zinaanza kuvuja.

Dhana: oili hii haichafuki, maana hakuna kinachoungua ndani.

Bushi na springi husagika, na unyevu hupenya. Inayotoka huwa ya kijivu na yenye harufu kali. Fuata kitabu, kama hakisemi, kila kilomita 20,000 au miaka miwili ni desturi nzuri.

Dhana: sili ikivuja, lazima ibadilishwe.

Mara nyingine ni mchanga chini ya mdomo wa sili. Shusha kifuniko cha vumbi, pitisha kipande chembamba cha plastiki laini kuzunguka bomba, futa. Ikiendelea kuvuja, au bomba lina mikwaruzo, hapo badilisha. Oili ikifika kwenye pedi za breki, pedi hizo hazifai tena.

Dhana: kifuniko cha juu ni cha kufungua tu.

Chini yake kuna springi iliyobanwa, na kwenye baadhi ya pikipiki za zamani kuna hewa ya shinikizo, itoe kwanza. Inua mbele kwa jeki. Legeza boliti za kishikio cha juu (kipande kinachobana shokapu karibu na usukani) kabla ya kulegeza kifuniko, shokapu ikiwa bado imeshikwa na kishikio cha chini, na uso wako usiwe juu yake. Kalipa (vifaa vya breki vinavyobana diski) zitundike kwa waya, zisining'inie kwa mipira yake. Ukiifungua boliti ya chini, weka washa (pete bapa) mpya ya shaba.

Wakati wa kurudisha, kaza ekseli, shusha pikipiki chini, bonyeza mbele mara kadhaa ukiwa umeshika breki, ndipo ukaze boliti zinazobana ekseli. Ukizikaza mapema, shokapu hukaa zimepindana kidogo na zitakwama hata oili ikiwa sahihi.