Je, Hitler Alichaguliwa na Wajerumani Wengi?

Imezoeleka kusemwa kwamba Adolf Hitler aliingia madarakani kwa sababu Wajerumani wengi walimpigia kura, lakini hesabu za kura zinaonyesha vingine. Aprili 1932 aligombea urais akashindwa na Paul von Hindenburg, aliyepata asilimia 53 dhidi ya 36.8 zake. Julai chama chake cha Nazi kilipata asilimia 37.3 za kura za ubunge, kisha Novemba kikashuka hadi 33.1. Ni kweli kwamba kilikuwa chama kikubwa kuliko vingine bungeni, na hilo halifai kufichwa, ila wapiga kura walio wengi walikuwa wamekikataa.

Ukansela, yaani uongozi wa serikali, Hitler aliupata Januari 30, 1933 kwa kuteuliwa na Hindenburg yuleyule, baada ya kansela wa zamani Franz von Papen na wahafidhina wenzake kumshawishi mzee huyo kwamba Hitler angedhibitiwa ndani ya baraza la mawaziri ambalo, ukimhesabu na yeye, lilikuwa na Wanazi watatu tu.

Hata katika uchaguzi wa bunge wa Machi 5, wapinzani wakikamatwa na kupigwa, chama kiliishia asilimia 43.9. Siku 18 baadaye bunge lilikutana katika jumba la opera la Kroll, Berlin, wanamgambo wa chama wakiwa wamejipanga ukumbini na wabunge wa Kikomunisti wakiwa wamezuiwa kuingia. Humo, Otto Wels wa chama cha Kisoshalisti alisimama kuupinga muswada wa kumruhusu Hitler kutunga sheria bila bunge. Ulipita kwa kura 444 dhidi ya 94, na hizo 94 zote zilitoka kwa wabunge wa chama cha Wels.