Je, wajua kwa nini manowari iliyopiga Dar es Salaam mwaka 1914 ilikuwa kuukuu?

Jengo la Ikulu pale Magogoni, Dar es Salaam, lilijengwa mara mbili. Wajerumani walilijenga kwanza liwe makao ya gavana wao. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Kiingereza zikalibomoa kwa mizinga. Kisha Waingereza haohao, walipokwisha kuitwaa nchi, wakalijenga upya mwaka 1922. Meli yenye mizinga mikubwa zaidi kati ya zile zilizoupiga mji mwishoni mwa 1914 iliitwa HMS Goliath. Ilipiga tarehe 28 Novemba, ikarudia tarehe 30.

Hapo ndipo pa kujiuliza. Miezi ile Uingereza ilikuwa inaviziana na Ujerumani katika Bahari ya Kaskazini, na kila manowari nzito ilikuwa na thamani. Mbona hii, yenye tani karibu 13,000 na mizinga minne ya milimita 305, iliachiwa ije mpaka kwetu?

Kwa sababu ilikuwa imezeeka. Na ilikuwa imetumika miaka 14 tu.

Ilianza kuundwa Chatham, Uingereza, mwaka 1897, ikashushwa majini Machi 1898, ikaanza kazi mwaka 1900. Ilikuwa na ndugu watano, yaani meli za muundo uleule, wakiongozwa na Canopus. Waliochora muundo huo walikuwa wakifikiria bahari za Uchina na Japani: walitaka meli isiyozama sana majini ili ipite mfereji wa Suez bila taabu. Uzito ukapunguzwa, na bamba la chuma la ubavuni likawa na unene wa milimita 152, ilhali meli za toleo lililotangulia zilikuwa na 229. Wajenzi walijitetea kwamba chuma cha Krupp, kampuni ya Kijerumani, ni kigumu zaidi, hivyo chembamba kinatosha. Na kweli, safari yake ya kwanza ikawa Uchina, wakati wa uasi wa Mabondia, Wachina waliowapinga wageni.

Kisha mwaka 1906 Waingereza wenyewe wakashusha majini meli iitwayo Dreadnought, na kila manowari iliyotangulia ikageuka mkweche.

Kilichobadilika si ukubwa. Mpiga mizinga wa baharini hulenga kwa kutazama maji yanavyoruka pale kombora linapoangukia: limepita, au halijafika? Goliath ilikuwa na mizinga minne mikubwa na mingine kumi na miwili ya milimita 152. Adui akiwa mbali, mtazamaji huona nguzo za maji zikiruka huku na huko, asijue ipi ni ya mzinga upi, wala arekebishe nini. Dreadnought iliondoa utatanishi huo kwa kubeba mizinga kumi mikubwa, yote ya aina moja. Zaidi ya hapo, injini zake za tabo (turbine) ziliipa mwendo wa noti 21, yaani maili 21 za baharini kwa saa, ambapo Goliath iliishia 18. Meli isiyoweza kulenga mbali wala kukimbia haina la kufanya katika pambano la wakubwa. Kufikia 1913 Goliath ilikuwa kwenye akiba huko Pembroke, Wales.

Vita vilipoanza ikaamshwa. Ililinda askari wa majini waliposhuka Ostend, Ubelgiji, kisha ikatumwa Bahari ya Hindi kusindikiza misafara ya askari kutoka India. Ukiwa na meli usiyoiogopea hasara, ndiyo unayoituma mbali. Huko adui alitarajiwa kuwa mnyonge.

Mnyonge mwenyewe alikuwa Königsberg, meli ya Kijerumani yenye mizinga ya milimita 105. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivamia Zanzibar na kuizamisha HMS Pegasus bandarini, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Kwa mizinga yake Goliath ingeimaliza upesi. Lakini ilihitaji maji ya kina cha mita 8 hivi, na delta ya Rufiji ina matope, mafungu ya mchanga na maji yanayokupwa. Haikuweza kusogea karibu vya kutosha. Ile meli iliyopunguzwa chuma ili ipite Suez haikupunguzwa kiasi cha kupita Rufiji!

Ndipo Waingereza wakageukia Dar es Salaam. Walihofia kwamba meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini zingeipelekea Königsberg mahitaji. Lango la bandari lilikuwa limezibwa na Wajerumani wenyewe kwa kuzamisha chelezo kinachoelea, kwa hiyo Goliath na mwenzake HMS Fox wakabaki nje na vyombo vidogo vikaingia. Kulikuwa na makubaliano ya kukagua meli zile, lakini kila upande uliyaelewa kivyake: Waingereza waliingia kuziharibu. Risasi zikaanza kutoka ufukweni. Kamanda Henry Peel Ritchie wa Goliath alijeruhiwa mara nane siku hiyo, na baadaye akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mizinga ya nje ya bandari ikajibu, na waliokuwa chini yake ni wakazi wa mji. Nishani hazisimulii upande huo.

Machi 1915 manowari kadhaa za rika la Goliath, mmoja wao ndugu yake Ocean, zilizamishwa na mabomu ya majini huko Dardanelles, mlango wa bahari wa Uturuki. Pengo lilihitaji meli nyingine zisizosikitikiwa. Goliath ikaondolewa huku na kupelekwa huko, na tarehe 25 Aprili ilikuwa ikiwafyatulia kinga askari wa miguu walioshuka Gallipoli, rasi iliyo kando ya mlango huo.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei ilitia nanga katika ghuba ya Morto, hukohuko Gallipoli. Kulikuwa na ukungu. Chombo cha Kituruki, Muavenet-i Milliye, kisichofika tani 1,000, kikajipenyeza kando ya pwani bila walinzi kukiona. Nahodha wake alikuwa Ahmet Saffet, na pamoja naye ofisa wa Kijerumani, Rudolph Firle. Kikafyatua torpido tatu, makombora yaendayo chini ya maji, na zote zikapiga. Goliath ilipinduka na kuzama katika dakika chache, na watu 570 wakafa, nahodha wao Thomas Shelford akiwamo.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha meli hizi zilihesabiwaje. London waliogopa kupoteza Queen Elizabeth, manowari mpya kabisa iliyokuwa maji yaleyale, wakaamuru irudi nyumbani. Mzee alizama, kijana akaokolewa.

Königsberg ilikuwa bado mzima mle Rufiji. Ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915 na Severn na Mersey, vyombo viwili vya mwendo wa pole vilivyokuwa vimeundiwa mito ya Brazili. Vilihitaji maji yasiyofika mita 2.