Ulegevu wa cheni: neno "kaza" limetuponza

Juzi nilikuwa kwa fundi, Msamvu, nasubiri kubadilishiwa bulbu ya taa ya nyuma. Akaingia kijana wa bodaboda, hata hajashuka vizuri kwenye siti: "Fundi, nikazie cheni, inapiga kelele." Fundi akalegeza nati ya ekseli, akazungusha ajasta ya kulia, ile skrubu inayovuta tairi la nyuma, akazungusha ya kushoto, akaibonyeza cheni kwa kidole. Haikutikisika. Ilikuwa imenyooka kama waya wa kuanikia nguo. "Sasa imekaza," akasema. Kijana akatoa hela, akaondoka ameridhika, na mbele ya stendi nikamwona anapakia mshikaki.

Kwanza maana, kwa haraka. Ulegevu wa cheni ni kiasi ambacho upande wa chini wa cheni, katikati ya gia ya mbele na ya nyuma, unaweza kupanda na kushuka ukiusukuma kwa kidole. Unapima toka chini kabisa hadi juu kabisa, injini imezimwa, pikipiki iko nyutro. Kwa pikipiki nyingi za barabarani, zikiwamo hizi za cc 125 na 150 zinazobeba abiria, huwa kati ya milimita 20 na 35. Kiasi kamili cha pikipiki yako kimo kwenye kitabu chake, na nyingine hubandikwa stika kabisa karibu na cheni. Ndiyo dhana yote. Ajasta zipo kwa ajili ya kulinda hicho kiasi, kisizidi na kisipungue.

Sasa niseme linaloniudhi, ambalo ni hili neno "kaza".

Lina sifa njema kupita kiasi. Tunakaza moyo, tunakaza mwendo, tunakaza buti. Mwalimu mzuri anakazia somo. Ndugu yake "legea" ndiye kabebeshwa aibu zote: mwanafunzi mlegevu, usimamizi uliolegea, mtu mwenye mikono legelege. Basi mwenye pikipiki akiambiwa cheni yake imelegea, anasikia kama katukanwa. Akiambiwa imekaza, anasikia kazi imefanyika. Hakuna aliyepima kitu hapo, ni lugha tu imeamua.

Halafu kitenzi chenyewe hakina pa kuishia. Ukimtuma mtoto ajaze ndoo, mdomo wa ndoo utamwambia basi. Ukimwambia mtu akaze, kitakachomwambia basi ni misuli yake. Kwa nati si neno baya, maana nati ya ekseli kweli inatakiwa kukazwa, tena wengi huiacha nusu nusu. Tatizo ni kwamba kazi hii moja ina mambo mawili na tumeyapa kitenzi kimoja: nati unaikaza, cheni unaipimia nafasi. Na ile nati ukiikaza mwishoni, ekseli husogea kidogo, kwa hiyo unapima tena. Fundi wa juzi hakupima hata mara ya kwanza.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Fundi naye anavuta tairi kuja kwake, kwa hiyo naona mkono umezoea kuwamba. Lakini ngoma ikishawambwa, pipa lake halirefuki. Pikipiki inarefuka.

Tairi la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma unaopanda na kushuka kwenye boliti moja, kama mlango kwenye bawaba. Gia ya mbele haiko kwenye bawaba hiyo, iko mbele yake kidogo. Kwa hiyo shokapu zikibonyea, ekseli inapanda kwa tao, na umbali toka gia ya mbele hadi ekseli unaongezeka. Unaendelea kuongezeka mpaka gia ya mbele, bawaba na ekseli zikae mstari mmoja. Hapo ndipo cheni inadaiwa urefu wake wote. Ule ulegevu unaouona pikipiki ikiwa tupu, ukauonea aibu, ni akiba iliyowekwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, zima injini, chomoa funguo kabisa, kisha waombe watu watatu wakae juu ya siti huku wewe umeshika cheni. Utaisikia ikijivuta mkononi. (Funguo nimezisema makusudi. Nimeona vidole vilivyobaki vitatu kwa sababu ya kufuta cheni na kitambaa huku injini inawaka.)

Cheni isiyo na akiba hukutana na shimo la kwanza ikiwa na abiria wawili, na nguvu ile lazima iende mahali. Inakwenda kwenye beringi ya shafti inayotoka giaboksi, na kwenye beringi za tairi la nyuma. Sili ya gia ya mbele inaanza kutoa oili. Mwezi ujao mwenye chombo analalamika kwamba oili ni feki.

Sisemi cheni ining'inie. Iliyolegea mno huchapa kava, huruka meno, na ikichomoka kwenye mwendo inaweza kulifunga tairi la nyuma. Hilo kila mtu analijua, ndiyo maana tukalikimbilia kosa la pili.

Kuna na hili la "cheni imevutika". Cheni hii ya roli, ambayo Hans Renold aliibuni Manchester mwaka 1880, kila kiungo chake kina pini inayozunguka ndani ya kibomba kidogo. Bamba za chuma hazivutiki kama mpira. Pini na vibomba ndivyo vinalika. Cheni yenye pingili 110, kila kiungo kikilika sehemu moja ya kumi ya milimita, imepata milimita 11 za ziada. Na haviliki sawasawa, ndiyo maana ukizungusha tairi utakuta mahali imebana na mahali imeachia. Pima pale ilipobana. Ukipima ilipoachia ukarekebisha kwa hapo, mzunguko ukifika upande wa pili tayari umeiwamba.

Kwenye cheni ya saizi 428, pini hadi pini ni milimita 12.7, kwa hiyo pingili 20 mpya ni milimita 254. Zikifika 259 hivi, ajasta haina msaada tena, nunua seti na gia zake zote mbili. Naamini ya yule kijana ilikuwa imefika huko, au ilikuwa kavu tu inaomba oili. Kelele ndiyo aliyoileta kwa fundi. Kukaza alikuongeza mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu yangu, safari ijayo sema: "Fundi, nipimie cheni." Atakuuliza imelegea au imekaza. Mwambie hujui, ndiyo maana umemletea apime.