Mpangaji pia hukatia kamera bima

“Bima ya kamera ni ya wenye nyumba; mimi napanga.” Nasikia hivyo mara kwa mara Nairobi, na huniuma mtu anapoporwa kamera aliyoidundulizia miaka. Si kweli. Bima ya nyumbani nchini Kenya ina vifungu: A ni jengo, B ni mali ya ndani, C ni vitu vya kubeba. Mpangaji huacha A, maana jengo ni la landilodi. Shikilia C: ndicho kinachoifuata kamera hadi kwenye matatu. Igeuze kamera, unakili nambari yake ya utambulisho iliyo chini, kisha tunza risiti. Ila ukipiga picha za harusi kwa malipo, mwambie wakala mapema. Vifaa vya biashara kwa kawaida huhitaji bima yake tofauti.